Tuliovulia kwenye midomo ya mitaro ya Lamu, tukutane hapa

MwanaMkomani

Asalaam aleikum wana jamvi.

Picha za Lamu zimejaa kila mahali: milango ya nakshi, mashua za mashindano, punda, kijiji cha Shela wakati wa magharibi. Sijaona hata moja ya mdomo wa mtaro. Na wengi tuliokulia mji ule, mara ya kwanza kushika mshipi ilikuwa pale, mahali mtaro wa kichochoro unapopita chini ya barabara ya pwani, ukatokeza ukutani na kumwaga maji yake baharini. Nimeufungua uzi huu ili tupakumbuke pahala pale kabla hatujabaki watu wa kuhesabika.

Kwa ambaye si wa kwetu: mji wa mawe wa Lamu umekaa kwenye mteremko unaoelekea bahari, na vichochoro vyake vina mitaro ya wazi kandokando. Maji hushuka yenyewe. Vyoo vya nyumba za mawe vilikuwa na mashimo yake, kwa hiyo mtaroni hayakuingia ya chooni, yaliingia ya kuogea, ya kufulia, ya kuoshea vyombo na mchele. Mvua za masika zikipiga ndipo na mavi ya punda yaliposombwa yote yakaenda zake. UNESCO waliutia mji wetu katika urithi wa dunia mwaka 2001, na mimi huiona mitaro ile kuwa ni urithi sawasawa na kuta.

Pale maji ya mtaro yanapoonana na maji ya chumvi, ndipo alipo mkizi. Bahari ikianza kujaa utawaona wanakuja kundi zima juu juu, migongo ya kijivu, midomo inafunguka na kufumba usoni mwa maji. Wakigeuka wanageuka wote, mbavu zinameta mara moja kisha wanapotea. Mtoto mgeni atatia kipande cha ngisi na atakaa hapo mpaka maji yapwe. Mkizi hana shughuli na ngisi. Chakula chake ni tope laini, ukungu wa mwani ulioota mawe, na mabaki yaliyokwisha kulainika, na tumbo lake lina sehemu nene ya misuli mfano wa firigisi ya kuku, ya kusagia mchanga anaoumeza pamoja na chakula. Kwa hiyo chambo ni unga wa ngano. Unaukanda mgumu, unatia tone la mafuta ya samaki, na unachanganya nyuzi za pamba ili usiyeyuke kabla hajauonja. Ndoana ndogo kuliko zote dukani. Boya ni kipande cha ndala iliyokatika. Hapo unasubiri, na ukivuta kwa pupa unamrarua mdomo, maana mdomo wa mkizi ni laini mno.

Kila mdomo ulikuwa na wenyewe. Upande wetu wa Mkomani walikuwa mkizi na chaa. Kule walikooshea samaki, damu na matumbo yakiingia majini, walikuwa fumi na hongwe, na kwenye mawe ya ukuta mkunga, yule samaki mfano wa nyoka, anayechungulia. Jeti alfajiri walikuja kolekole wadogo kufukuza dagaa.

Nyinyi wenzangu mlivulia wapi?

BintiLangoni

Waaleikum salaam kaka. Umenirudisha mbali.

Sisi watoto wa kike hatukuachiwa kukaa ukutani na mshipi, lakini usidhani hatukujua habari za mitaro. Sisi ndio tuliowalisha hao samaki wenu! Nazi ikikunwa na kukamuliwa, tui la kwanza na la pili likishatoka, machicha hupewa kuku, na kinachobaki kwenye chombo kinasuuzwa na kumwagwa. Maji ya mchele yanafuata. Mama alikuwa akinituma nikamwage mbali na mlango, na mimi nilishuka mpaka pwani makusudi, nikainama ukutani nikamwaga polepole. Maji yanakuwa meupe, halafu yanachemka kwa samaki wadogo. Sikuwa na ndoana wala sikuitaka. Nilipenda kuwaona tu.

Na paka. Hamkuwataja paka. Paka wa Langoni walikuwa wanajua saa ya maji kujaa kuliko sisi. Wanajipanga nyuma ya wavulana, kila mmoja na mtu wake, na akivuliwa samaki mdogo wa kutupwa hawapigani, kila mmoja anajua zamu yake.

Kaka yangu alileta mkizi nyumbani siku moja, amejaa furaha. Mama akamnusa samaki mara moja tu. "Huyu wa mtaroni. Usinletee ndani." Aliishia kwa paka.

Fumi_wa_Wiyoni

Jina langu humu linatosha kuwaambia nilikuwa navua nini 😄

Wadogo zangu wanaosoma, fumi ana miiba mitatu: mmoja mgongoni, na mmoja kila ubavu kwenye mapezi. Akitolewa majini anaisimamisha na kuifunga, hailali. Ikikuchoma mkono unavimba na maumivu yanapanda hadi kwapani. Dawa tuliyofundishwa na wakubwa ni kutia mkono katika maji ya moto, ya kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, na ni dawa ya kweli, sumu ile inavunjika kwa joto. Mbinu ya kumshika ni kupitisha vidole nyuma ya miiba ya ubavuni, kiganja tumboni. Asiyejua hilo akate uzi.

Na bunju jamani. Anavimba kiganjani mwako na kukutazama. Huyo ni kutupwa tu, sumu yake haitoki kwa moto wala kwa ndimu.

MzeeWaJahazi

Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu, na yeye ndiye anayeniandikia.

Mmezungumza samaki na chambo. Sisi pale mdomoni tulifundishwa maji. Mwalimu hakuwapo, bahari yenyewe ilifundisha. Mtoto anayevulia ukutani anajua, bila kuambiwa, kwamba leo maji yamejaa saa fulani na kesho yatachelewa kwa karibu saa nzima kasoro dakika kumi. Anajua wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda hadi yanaufunika mdomo wa mtaro, mkondo unakwenda mbio, na mshipi wenye chubwi nyepesi, yaani kizito cha kuuzamisha, unatupwa ukutani. Wakati wa maji mafu bahari inasimama, uchafu unakaa, na mkizi wanakuja wanene. Anajua kusi ikivuma maji yanachafuka kwa namna yake, na kaskazi ikiingia yanakuwa na rangi nyingine.

Chubwi zetu hatukununua. Zilikuwa plagi kuukuu za mashine za boti, unafunga uzi kwenye shingo yake. Uzi tuliuzungusha kwenye chupa.

Aliyemaliza pale alipelekwa kwenye malema, mitego ya kusuka, akifuzu malema anapewa nafasi kwenye jarife, wavu mkubwa, na akiwa na bahati anaingia jahazini. Manahodha wengi niliofanya nao kazi walianzia kwenye maji ya kufulia ya mama zao. Haikuwa aibu kusema hivyo, na leo nawashangaa vijana wanaoona aibu.

Kitu kimoja zaidi. Bahari yetu hapa inapanda na kushuka, bamvua kubwa, kiasi cha mita tatu na zaidi, mara mbili kwa siku. Mkondo kati yetu na kisiwa cha Manda unafagia. Ndiyo maana mji uliweza kukaa karne na karne na kumwaga maji yake pale pale bila kunuka. Waliojenga waliyahesabu hayo.

ShelaYaMalindi

Shikamoo mzee. Niwaletee na ya Malindi, maana na sisi tuna Shela yetu huku.

Pale kwetu tulikuwa na mahali maji ya mvua na ya mitaani yalipoingia baharini, chini ya walikopaka mashua. Tulivua chaa na tafi wadogo, na kamba tulichota kwa kipande cha chandarua. Leo ukienda kutafuta mahali hapo hupaoni. Si kwamba pamejengwa. Bahari imeondoka! Mto Sabaki unashusha udongo kutoka bara kote huko, Galana ndiyo hiyo hiyo, na mawimbi yanausogeza upande wa mji. Ufuo wa Malindi umepanuka mwaka hadi mwaka. Niliposimama na mshipi nikiwa mtoto, sasa ni mchanga mkavu na vichaka, na ukitaka maji unatembea.

Mvua zikinyesha bara, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa mpaka mbele ya mji, wenye hoteli wanalalamika. Wavuvi hawalalamiki sana, maana kamba na mkizi wanapenda maji ya aina hiyo. Kwa hiyo mkisikia Malindi maji machafu, ulizeni kwanza: machafu ya udongo au machafu ya watu? Ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mkaguzi_wa_Afya

Nawasoma kwa raha, nami ni mtoto wa pwani. Lakini kwa heshima zenu zote, kazi yangu hainiruhusu ninyamaze.

Kuna mtu atausoma uzi huu jioni na kesho ampeleke mwanawe pale na mshipi. Mitaro ya leo haina maji ya mchele peke yake. Watu wameongezeka, vyoo vingine vimeunganishwa na mtaro kinyemela, na mashimo ya zamani yanavuja chini kwa chini. Visima vingi vya ndani ya mji viliharibika kwa njia hiyo, na ndiyo sababu mji unategemea maji ya visima vya vilima vya mchanga vya Shela.

Samaki mwenyewe akipikwa akaiva, vijidudu vingi hufa. Ninaowaogopa zaidi ni chaza na kome wanaookotwa ukutani karibu na mdomo. Hao hula kwa kuchuja maji, kutwa kucha, na kila kilichomo majini kinabaki ndani yao. Vimelea vya kipindupindu vinaishi vizuri tu katika maji ya chumvi chumvi ya namna hiyo. Chaza mbichi na ndimu kutoka pale ni hatari, sisemi kwa kutisha. Na miguu mitupu kwenye mawe yale: kigae cha chupa, kisha pepopunda. Chanjo ipo, watoto wapelekwe.

Abu_Swafiya

Naomba kuuliza, kwa kuwa mama yake BintiLangoni alimkataa yule samaki. Kisheria anayekula najisi si ndiye jalala? Tulikula haramu utotoni?

MaalimWaMtaa

La, ndugu yangu, usijitie wasiwasi. Kwetu Mashafi'i, jalala ni mnyama ambaye chakula chake kikubwa ni najisi mpaka nyama ikabadilika harufu au ladha, na hukumu yake iliyo maarufu ni makuruhu. Akifungiwa akalishwa chakula safi mpaka harufu ikamtoka, ukaraha unaondoka. Samaki wa baharini asili yake ni halali. Maji ya mchele na tui si najisi hata kidogo. Yule mama alimnusa samaki kwanza ndipo akaamua, na hivyo ndivyo inavyopasa. Ama samaki wa maji ya vyoo ananuka, huyo mwache, na hapo umewasikiliza wanazuoni na daktari kwa pamoja.

MwanaMkomani

Ahsanteni nyote. Mzee shikamoo, na mjukuu wako Mungu ampe.

Mkaguzi, nakubaliana nawe kwa kila neno, na ulilosema ndilo hasa lililonifanya niandike. Hebu tulitazame kwa makini.

Kilichokuwa kikitoka mtaroni zamani kilikuwa chakula. Mabaki ya machicha, maji ya mchele, magamba ya samaki, damu ya soko, majivu ya kusugulia sufuria. Sabuni ilikuwa ya kipande, ya mafuta ya nazi au ya wanyama, na hiyo huozeshwa na vijidudu ikaisha. Mambo hayo yakifika baharini yanaliwa. Vijidudu vinakula, mwani unaota, vidudu vya majini na kamba wadogo wanakula mwani, mkizi anakula vyote, kolekole anamla mkizi mdogo. Mji ulikuwa unailisha bahari, na bahari inaulisha mji. Kiasi kilikuwa kidogo na mkondo una nguvu, kama alivyosema mzee, kwa hiyo hewa ya majini haikuisha.

Sasa kinachotoka ni nini? Nilisimama pale likizo iliyopita na nikatazama kwa muda mrefu. Povu la sabuni ya unga, lile lisilovunjika. Sabuni za namna hiyo humtoa samaki ule ute unaomlinda mwili, na kumchoma mashavu anayopumulia. Oili chafu ya injini, inatandaza rangi rangi juu ya maji. Dawa ya kung'arisha nguo, unaisikia puani. Nepi moja imejaa maji, imekwama mdomoni kabisa, na nyuma yake chupa za soda zimejipanga. Mkizi walikuwapo wachache, mbali, hawakaribii.

Mahali ni pale pale, ukuta ni ule ule. Kilichobadilika ni kile tunachotia kwenye karai, kila nyumba. Ninapoona watu wanasema "ah, mtaro siku zote ulikuwa uchafu", nasikia uchungu, kwa sababu si kweli. Sisi tulivua pale. Sisi ni mashahidi kwamba mtaro unaweza kuwa mzima. Mtoto ambaye hajawahi kuona mkizi pale atajuaje kuna kitu kimepotea?

Kibaraza

Nakupinga kidogo mkuu. Tusiipambe zamani. Mimi nakumbuka mavi ya punda mpaka kifundoni wakati wa masika, nakumbuka mbu, na nakumbuka watoto wa mtaani kwetu walioharisha. Utoto ulikuwa mtamu, mtaro haukuwa mtamu.

MwanaMkomani

Kibaraza, hujakosea. Mbu walikuwapo, na kuharisha kulikuwapo. Wazee walikuwa na akili zao kwa upande wa mbu: kwenye birika za msikitini na za majumbani walifuga samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki walikuwa wanatumika juu mjini na chini pwani. Mimi sisemi turudi kule. Nasema kulikuwa na mizani, na mizani hiyo imevunjwa na vitu ambavyo havikuwapo.

BintiLangoni

Na vingine vinazuilika. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 nilidhani ni maneno ya serikali tu. Lakini mitaro ya mtaani kwetu ilipata nafuu ya wazi, maana mifuko ndiyo iliyokuwa inaziba, maji yanafurika mpaka barazani. Chupa na nepi ndizo zimebaki.

Na msisahau ile jahazi ya Flipflopi iliyojengwa hapa hapa Lamu kwa taka za plastiki na ndala zilizookotwa fukweni, fundi akiwa Ali Skanda. Ilishushwa majini 2018, na mwanzoni mwa 2019 ikatweka tanga mpaka Zanzibar. Mlipotaja boya la kipande cha ndala nimecheka, kumbe nyinyi mlianza zamani.

ShelaYaMalindi

Hilo la plastiki kweli. Lakini kwa upande wa maji yenyewe, tuwaulize wa kaunti. Tangu katiba ya 2010 uzoaji taka na maji taka ni kazi yao. Wavuvi tuna kamati zetu za fuo, BMU, na huko tunazungumza nyavu, injini, barafu. Mitaro haimo kwenye ajenda kamwe! Wakati samaki wengi wanaanzia maisha ukingoni, hapo hapo mitaro inapomwaga.

Fumi_wa_Wiyoni

Nimelipenda hilo. Mkutano ujao nitalitia mimi mwenyewe, na nitaupeleka uzi huu kwenye simu waone.

Mkaguzi_wa_Afya

Nami nitakupa maneno ya kitaalamu ukitaka, niandikie pembeni. Kitu cha kwanza cha kuomba ni vyoo vilivyounganishwa na mtaro vitolewe. Hilo ni nyumba kwa nyumba na halihitaji mabilioni.

Abu_Swafiya

Nina wanangu wawili, mkubwa ananisumbua nimfundishe mshipi. Baada ya kusoma hapa siwezi kumpeleka ukutani. Nimpeleke wapi?

MzeeWaJahazi

Mpeleke Manda, baba, upande wa mikoko. Vukeni maji yakianza kujaa, msingoje yajae, kwa sababu changu wadogo na chaa wanaingia na maji kuifuata mizizi, wanakula kaa wadogo na kamba. Akae kwenye mashua, asikanyage, kuna samaki taa wamejifukia mchangani. Chambo huko ni kamba au kipande cha ngisi, unga auache nyumbani. Chubwi iwe nyepesi, maji ya ndani ya mikoko hayana nguvu.

Samaki mdogo kuliko kiganja cha mtoto arudishwe. Na chukueni maji ya kunywa ya kutosha, Manda haina maji matamu ya kutegemea. Mkimaliza rudini kabla hayajapwa, mtakwama topeni mpaka usiku.